Chunusi na Vitamini: Mwiko Mmoja Unatosha

Leo nazungumza na vijana wenye chunusi, na wazazi pia wasikilize.

Msichana mmoja alikuja kliniki akiwa na mimba changa. Mkobani alikuwa na tembe za vitamini A zenye nguvu nyingi, alizouziwa sokoni ili uso ulainike. Alimeza nne kila siku. Tulimwachisha siku hiyo hiyo na kumtuma kwa daktari. Kwa nini?

Kwanza tujue chunusi hutoka wapi. Mtu akibalehe, homoni huifanya ngozi itoe mafuta mengi. Mafuta na seli zilizokufa huziba vitundu vya ngozi, bakteria huzaana humo, na uso huvimba. Si uchafu, wala si laana.

Vitamini nyingi za kundi B hugeuka mwilini kuwa koenzaimu, yaani wasaidizi wa vimeng'enya vinavyojenga seli. Mfikirie mama anayesonga ugali. Kimeng'enya ni mama, koenzaimu ni mwiko. Bila mwiko ugali hausongeki. Lakini ukimpa miiko kumi, ugali hautaiva upesi. Tena vitamini B12 nyingi, hasa ya sindano, huwaletea watu wengine chunusi zaidi.

Vitamini A husaidia ngozi kujijenga upya, lakini tembe zake zikizidi hurundikana kwenye ini na kulidhuru. Kwa mjamzito, mtoto tumboni anaweza kuumbika vibaya. Hiyo ndiyo hofu tuliyokuwa nayo.

Basi tufanyeje? Kula sukuma wiki, managu, kunde, maharagwe, mayai, omena na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mwili huchukua humo unachohitaji. Nawa uso kwa sabuni isiyo kali mara mbili kwa siku. Usitumbue chunusi. Dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi husaidia, ila ipe wiki 6 hadi 8. Krimu za kung'arisha uso ziache: nyingine zina steroidi, ambazo hulainisha ngozi kwanza, kisha huifanya nyembamba na kuongeza chunusi.

Chunusi zikiwa kubwa, zikiuma au zikiacha makovu, njoo kituo cha afya. Na kama una mimba, au unadhani unayo, tuambie kabla hujameza chochote.

Ni mimi muuguzi wenu. Kwaherini hadi wiki ijayo.