Hutauelewa Mji Mkongwe wa Unguja Mpaka Ufike Shamba

Sisi watu wa Mombasa tukienda Unguja huwa tunakwenda kwa siku tatu. Kuna harusi, kuna maziko, au ni likizo ya watoto. Tunalala Mji Mkongwe, jioni tunakula Forodhani, tunapiga picha milango ya kuchonga, tunanunua halua, tunarudi. Tukifika nyumbani tunasema, "Kwani kule kuna nini? Ni Mji wa Kale wetu tu, mkubwa kidogo."

Mimi nimekaa huko wiki tano mfululizo, na maneno hayo nayapinga. Sababu yangu nusu iko mjini. Nusu nyingine iko shamba, mwendo wa daladala usiofika saa moja.

Nianze na mjini. Nilipanga chumba cha juu mtaa wa Malindi (Malindi ya Unguja, si ya Kilifi) kwa mama mmoja mtu mzima. Wiki ya kwanza unapotea tu, maana vichochoro vile havikuchorwa kwa ajili ya mgeni. Kufikia wiki ya tatu muuza kahawa anakumiminia kikombe kabla hujaketi barazani, na watu wanaanza kuzungumza nawe mambo yao ya kweli: maji, kodi, watoto walio ughaibuni, na zaidi ya yote, kuta.

Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zinabebwa na boriti za mikoko, nyingi zikiwa zililetwa kwa majahazi kutoka Lamu na Rufiji. Boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi haibebi tena uzito wa dari ya mawe. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, Unguja na Lamu na Mombasa, ni virefu na vyembamba. Watu husema ni mtindo wa Kiarabu. Ni urefu wa mti.

Chokaa nayo hupumua. Mvua ikinyesha ukuta unalowa, jua likitoka unakauka. Saruji haifanyi hivyo. Fundi akiipaka juu ya ukuta wa chokaa, unyevu unanaswa ndani, chumvi inalila jiwe polepole, na kichwa cha boriti kilichomo ukutani kinaoza pasi na mtu kuona. Ukiitazama nyumba kwa nje inang'ara, hadi siku dari inaposhuka. Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la mwaka 1883 la enzi ya Sayyid Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu yetu ikaufuata mwaka 2001. Lakini cheti hakishiki boriti.

Nyumba niliyopanga ina warithi 11. Wako Maskati, wako Dar es Salaam, mmoja yuko hapa kwetu Kibokoni. Sheria ya mirathi imempa kila mmoja fungu lake, na ndivyo itakiwavyo. Tabu ni kuwa kila mmoja ana fungu la kuuza, lakini wa kulipa fundi hayupo. Kumetokea mnunuzi anayetaka kuigeuza hoteli, na warithi wengi wamekwisha kukubali. Mama hataki. Nilimuuliza nyumba kama ile ilijengwaje hapo mwanzo, kwa pesa gani.

"Kwa karafuu, mwanangu," akanijibu. "Nenda shamba ukaone."

Unguja neno shamba lina maana pana kuliko kwetu. Chochote kilicho nje ya mji ni shamba, hata kama pana lami na duka la simu. Nilikwenda Jumamosi, na namshauri msomaji asichague Ijumaa, kwani siku itakatika katikati kwa sala. Nilipanda daladala ya njia ya Bububu, kisha bodaboda hadi Kidichi.

Matembezi ya viungo wengi mnayajua. Kijana anakukatia gome la mdalasini unuse, anakupasulia kungumanga uone basbasi nyekundu iliyoizingira, anakupaka mrangi mdomoni, na mwisho anakusukia kofia ya makuti. Ni mazuri, watoto watafurahi. Lakini kila kitu pale hupandwa viwili vitatu kwa ajili ya kuonyesha. Nikaomba nipelekwe kwa mkulima wa karafuu khasa, na nikapata mzee ambaye babake alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ilipochukua mashamba makubwa na kuyagawa.

Karafuu tunayoitia kwenye pilau ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Likishachanua halina thamani tena. Kwa hiyo mchumaji ana siku chache, kuanzia kichwa kinapogeuka rangi kutoka kijani kwenda wekundu, na lazima apande mti mrefu wenye matawi yasiyoaminika. Watu huanguka kila msimu. Zikishushwa huchambuliwa kwa vidole, karafuu huku, makonyo huku (hayo makonyo hayatupwi, hukamuliwa mafuta). Kisha zinaanikwa juani kwa siku kadhaa juu ya majamvi, na mtu anakaa akitazama mawingu, kwa kuwa mvua moja tu inaziharibu. Zikikauka, uzito unabaki kama theluthi moja. Nilimtazama mzee akinieleza haya nikawa naifikiria kazi yote hiyo ikifanywa na mtu asiyelipwa.

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari Hindi vilivyokuwa vya Wafaransa. Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati aliuona utajiri wake, akahimiza upandwe kila mahali. Kufikia katikati ya karne hiyo Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiilisha dunia karafuu. Waliopanda, waliochuma na waliochambua walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa.

Kidichi pale pale pana hammamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mwaka 1850. Kuta zina nakshi za chokaa, ndege na maua, kazi nzuri sana. Kijana wa matembezi alinieleza habari za yule bibi kwa urefu. Aliyekuwa akibeba maji hakutajwa.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1897. Ukiendelea na barabara ya kaskazini hadi Mangapwani utaona vyumba viwili vilivyochimbwa chini ya ardhi, ambamo watu walifichwa biashara ilipokwisha kupigwa marufuku. Nilishuka ngazi nikakaa mle kama dakika tano. Zilinitosha.

Najua wako watakaosema mambo haya yanatajwa ili Waislamu watukanwe. Sikubaliani nao. Sultani alikuwa huyo huyo na utumwa ulikuwa ule ule katika mashamba ya nafaka ya Malindi yetu, na kumwacha huru mtumwa ni ibada tuliyofunzwa na Qur'ani. Anayeogopa kuisoma hesabu ya zamani aseme anaogopa, asiitumie dini.

Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Wazee wa Vanga na Shimoni wanalijua hilo vizuri, maana karafuu ya Pemba imekuwa ikivuka usiku kuja kwetu kila bei ya shirika la serikali ilipokuwa haimridhishi mkulima. Indonesia nayo ikapanda mpaka ikawapita wote. Pesa iliyojenga zile nyumba za ghorofa tatu haipo tena, na nyumba bado zinadai chokaa kila baada ya mvua.

Anayelipa sasa ni mgeni, na hapo ndipo namna unavyokaa inapokuwa na uzito. Ukilala hoteli usiku tatu, umempa pesa yule anayezingoja nyumba za warithi zichoke. Ukipanga chumba kwa mwezi kwa familia inayoishi humo, kodi yako inanunua chokaa. Nilifanya hesabu: mwezi kwa yule mama, pamoja na chai ya asubuhi, ulinigharimu chini ya wiki moja ya hoteli ya kawaida mtaa wa pili. Gharama za njia ni zile zile: basi hadi Dar es Salaam kupitia Lunga Lunga na Tanga, kisha boti ya kama saa mbili. Epuka Machi hadi Mei kama hupendi masika. Vyumba vya namna hii huvikuti kwenye simu. Unauliza msikitini baada ya Alasiri, au kwa muuza kahawa.

Mpaka natoka, mama alikuwa hajatia saini. Yule mrithi wa Kibokoni nimekwenda kumwona mara mbili.