Anayesubiri Uhandisi Aujue Upana wa Mlango

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatangazwa na shirika la KUCCPS likishawapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huzuka katika vyuo vikuu vyetu kundi la vijana ambalo halimo katika orodha yoyote rasmi. Hawa ni wale walioandikishwa kusomea Shahada ya Sayansi, au kozi nyingine yoyote iliyopatikana, ilhali mioyo yao imo katika uhandisi. Ukimuuliza mmoja wao anasomea nini, hakutajii fizikia wala hisabati. Atakujibu: "Niko Sayansi kwa sasa tu, Mwalimu. Nasubiri kuhamia uhandisi."

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyapima maneno. Hili neno "nasubiri" limenishughulisha kwa muda mrefu. Mtu anayesubiri matatu ya Kondele kituoni husubiri kwa haki, maana anajua kwamba gari litapita na kwamba nauli anayo. Je, kijana huyu anayo hakika kama hiyo? Aghalabu hana, na hakuna aliyemwambia kwamba hana.

Si ajabu vijana wa ufuko huu wa Nam Lolwe kuutamani uhandisi. Wamelelewa mbele ya kazi zake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence, na mji huo ukakua kando ya gati na karakana ya meli. Katika karakana iyo hiyo ndimo ilimoundwa MV Uhuru II. Kule Sondu Miriu maji ya mto yanazalisha megawati 60 za umeme. Huko Mbita, daraja lililofunguliwa mwaka 2017 limechukua mahali pa tuta la mawe lililoziba mkondo wa maji kati ya bara na kisiwa cha Rusinga. Mtoto aliyeyaona haya na asitake kujua yalivyofanywa ndiye wa kushangaza.

Lakini hamu ni jambo moja, na nafasi ni jambo jingine. Kuingia chuo kikuu kwa shahada kunahitaji wastani wa C+. Uhandisi unahitaji zaidi ya hapo. Huangaliwa masomo manne ya kundi husika, yakiwamo hisabati, fizikia na kemia, ambayo kilele chake ni alama 48. Kisha alama za masomo saba kwa jumla, ambazo kilele chake ni 84, nazo hutiwa katika hesabu hiyo. Katika vyuo vinavyokimbiliwa na wengi, kozi kama uhandisi wa ujenzi mara nyingi humfungia nje hata aliyepata alama 40. Si kwamba huyo hana akili. Waliomtangulia ni wengi kuliko viti vilivyopo.

Hapa ndipo penye fumbo. Vijana wengi hudhani kwamba wakifanya bidii katika mwaka wa kwanza, wakazoa alama za juu katika hisabati, kitivo cha uhandisi kitawafungulia mlango. Fikira hiyo haikutoka hewani. Marekani, kwa mfano, vipo vyuo ambamo mwanafunzi huingia bila kutaja fani yake, na alama za mwaka wa kwanza ndizo huwa hoja yake anapoomba kuingia uhandisi. Hata huko ushindani ni mkali, na wengi hukosa. Kwetu, hata hivyo, utaratibu una msingi mwingine kabisa. Anayeomba uhamisho hupimwa kwanza kwa alama zake za KCSE: je, zilifikia kiwango cha mwaka wake kwa kozi anayoitaka? Kisha huulizwa kama kuna kiti kilichobaki. Bidii ya mwaka wa kwanza, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuzibadilisha alama za mtihani uliokwisha kusahihishwa. Ufunguo wa mlango huo ulichongwa katika kidato cha nne.

Kwa hiyo wanaosubiri ni wa aina mbili. Wa kwanza alifikia kiwango, ila alizichagua kozi zake vibaya au akakosea mpangilio wake. Huyu ana hoja, na anapaswa kuomba uhamisho siku dirisha linapofunguliwa, kwani kila wiki inayopita humpotezea mafunzo ya uchoraji na ya karakana. Wa pili hakufikia kiwango. Huyu hasubiri chochote, bali anapotezewa wakati na matumaini ambayo hakuna aliyethubutu kuyasahihisha.

Nimewafundisha vijana wa aina hii ya pili katika somo la Stadi za Mawasiliano, ambalo hukusanya wanafunzi wa vitivo mbalimbali. Namkumbuka mmoja ambaye mama yake aliuza samaki ufuoni Dunga. Majirani walikuwa wamefanya harambee ya kumpeleka "mhandisi wetu" chuoni, na kijana hakuwa na moyo wa kuwaeleza kwamba barua yake haikutaja uhandisi. Muhula mzima aliyatazama masomo yake kama abiria anavyoutazama mji anaoupita tu. Hakuhudhuria maabara ya fizikia, kwani alikuwa "anahama". Uhamisho ulikataliwa, na mwaka uliofuata akawa anayarudia masomo mawili huku mkopo wake ukiendelea kuhesabiwa. Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana huyu aliuacha mbacha, na msala ukampita.

Yupo atakayesema: basi mwambie akubali alichopewa, kwani mchagua jembe si mkulima. Siungi mkono rai hiyo. Mkulima anayelijua shamba lake huchagua jembe, na ana haki ya kulichagua. Ninachosema ni kwamba njia ya kweli ya kuufikia uhandisi ipo, hata kwa aliyekosa, ila si ile ya kukaa na kusubiri. Anayetaka jina la mhandisi na kazi yake anaweza kusomea stashahada ya uhandisi katika taasisi kama Kisumu National Polytechnic, akafaulu vizuri, kisha akaomba nafasi ya shahada kwa sifa hiyo mpya. Safari hiyo ni ndefu, lakini inaelekea anakotaka kwenda. Aelewe pia kwamba Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeiachia Bodi ya Wahandisi ya Kenya kazi ya kuwasajili wahandisi, na anayetaka kusajiliwa lazima awe na shahada ya uhandisi inayotambuliwa. Shahada ya fizikia, hata iongezewe ya uzamili, haimwingizi mtu katika daftari hilo.

Na kama anachokipenda si jina bali ni maarifa, milango ni mingi zaidi. Calestous Juma alizaliwa mwaka 1953 na kukulia Port Victoria, pwani hii hii ya ziwa. Hakuanza na shahada ya uhandisi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mwandishi wa habari za sayansi, na mwishowe profesa wa Harvard aliyesikilizwa na serikali za Afrika kuhusu teknolojia na maendeleo, hadi alipofariki mwaka 2017. Kila hatua aliyoikanyaga aliifanya kazi yenyewe.

Vyuo vyetu navyo visijitoe lawamani. Ni haki ya mwanafunzi kuambiwa, siku ya kwanza anapojisajili, kozi ipi ina viti vilivyobaki, ni vingapi, na kiwango cha alama ni kipi. Tangazo la ukurasa mmoja ubaoni lingeokoa mihula mingi. Jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwani chini ya mtaala mpya wa umilisi wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza Januari 2026 wakiwa wamekwisha kuchagua mikondo yao. Uamuzi uliokuwa wa kijana wa miaka 18 umeteremshwa hadi kwa mtoto wa miaka 15 hivi.

Neno "mhandisi" lina asili ya Kiarabu, nacho Kiarabu kilitwaa shina lake kutoka Kiajemi, ambako lilihusu kipimo. Mhandisi, kwa asili ya jina lake, ni mtu anayepima kwanza. Basi anayetaka kuwa mhandisi na aanze kwa kuzipima alama zake, viti vilivyopo na kozi aliyo nayo mkononi. Akiona kwamba mlango ni mwembamba mno kwake, ajiulize swali moja bila kujidanganya: uhamisho usipokuja, je, kozi hii niko tayari kuimaliza? Kama jibu ni ndiyo, aingie maabara leo. Kama ni la, atafute njia nyingine mapema, kabla fedha za harambee hazijaisha.