Mafunjo Yanayolinda Ziwa

Katika mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia pembe za ndani za Ghuba ya Mwanza hadi mdomo wa Mto Simiyu wilayani Magu, pale ambapo nchi huteremka taratibu bila majabali, ziwa huzungukwa na vinamasi vya mafunjo. Vinamasi hivi havitegemei mvua peke yake, bali hulishwa pia na mito, ziwa na maji ya ardhini, na kwa hiyo hupokea kila kinachobebwa na maji hayo, liwe tope la mashamba ya pamba au uchafu wa mjini.

Mafunjo ni mmea wa jamii ya ndago, wenye shina la pembetatu lisilo na vifundo, linaloweza kufikia mita 4 au 5 na kuishia kwa kishungi cha nyuzi za kijani. Mizizi yake minene hutambaa na kusukana hadi ikawa utando unaoelea, ambao mtu akiukanyaga hutikisika hatua kadhaa mbele yake. Chini ya utando huo oksijeni ni haba, hivyo mabaki ya mimea hayaozi yakaisha, bali hurundikana yakawa mboji inayohifadhi kaboni. Maji ya mto yakipita humo hupungua kasi, tope likatuama, na mizizi ikanyonya naitrojeni na fosforasi, yaani virutubisho vinavyostawisha mwani na magugu maji.

Uhaba huo wa oksijeni ni kinga pia kwa baadhi ya samaki. Sangara, samaki alaye samaki wengine na aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, alizidi mno katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, na aina nyingi za furu, samaki wadogo wa ziwa hili, zikatoweka. Lakini sangara hastahimili maji ya vinamasini yenye oksijeni haba, ilhali baadhi ya furu huyamudu, sawa na kamongo apumuaye kwa mapafu.

Ukataji wa mafunjo kwa ajili ya mikeka na kuezekea si uharibifu, mradi mizizi iachwe na mmea upewe muda wa kukomaa upya. Kinachokiua kinamasi ni mifereji ya kukikausha ili kupata majaluba ya mpunga na bustani, kwa maana mboji iliyokauka huoza na kuachia kaboni na rutuba ilizokuwa imezishika. Utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, ambapo malisho hufungwa masika ili yatumike kiangazi, ungefaa kabisa kwa ukataji wa mafunjo kwa zamu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwenye mchanga na mawe kipimo hicho kinaeleweka, lakini kwenye mafunjo ukingo wenyewe huhama, kwani kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda takriban mita 2, na mwaka 2020 likafurika tena. Mita hizo zikihesabiwa kuanzia maji ya wazi, huweza kukoma katikati ya mafunjo na kuliacha nje eneo la upande wa nchi kavu, ambalo ndilo la kwanza kupokea tope la mto na la kwanza kulimwa. Kipimo kinapaswa kuanzia pale mafunjo yanapokoma.