Mwanafunzi mwenye ulemavu aanze kubisha milango ya ajira angali chuoni

MWANAFUNZI mwenye ulemavu anapojiunga na chuo nchini Kenya, aghalabu huwa na mambo mawili akilini: karo itatoka wapi, na atayafikiaje madarasa yaliyo katika orofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Suala la ajira huliahirisha hadi siku ya kufuzu. Kuahirisha huko kumewagharimu wengi. Karibu kila nafasi ambayo sheria imewatengea, iwe ya ufadhili, ya kazi au ya zabuni, hutegemea stakabadhi ambazo huenda zikachukua miezi kadhaa kupatikana, na ni rahisi zaidi kuzitafuta kabla ya kuondoka chuoni.

Mnamo Mei 2025, Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Mswada wake ulikuwa umewasilishwa katika Seneti na Seneta Maalumu Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Wengi waliosikia kwamba sheria hiyo inatenga asilimia 5 ya nafasi za kazi waliuliza iwapo hiyo si asilimia ile ile iliyokuwapo tangu hapo.

Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika kitenzi kimoja. Sheria ya 2003 ililitaka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu 'lijitahidi' kuhakikisha kuwa asilimia 5 ya kazi za kibarua, za dharura na za kandarasi zimetengewa watu wenye ulemavu. Mzigo ulikuwa mabegani mwa Baraza, si mwa mwajiri, na kazi za kudumu hazikutajwa hata kidogo. Mtu aweza kujitahidi kwa miaka 20 bila kufaulu, na asiwe amevunja sheria. Sheria mpya imemgeukia mwajiri mwenyewe: kila mwenye wafanyakazi kuanzia 20 anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi zake. Kwa kampuni yenye watu 40, hiyo ni nafasi 2. Si nyingi, lakini ni nafasi zinazoweza kuhesabiwa, na mwajiri anaweza kuulizwa ziko wapi.

Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 54, inaitaka serikali ihakikishe hatua kwa hatua kwamba angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa au kuteuliwa katika asasi za umma ni watu wenye ulemavu. Kifungu cha 232 kinaitaka utumishi wa umma uwape nafasi sawa ya kuajiriwa na kupandishwa cheo. Hata hivyo, ripoti za Tume ya Utumishi wa Umma zimekuwa zikionyesha, mwaka baada ya mwaka, kuwa idadi yao katika afisi za serikali iko mbali na kiwango hicho.

Waajiri wana jibu lao walilozoea kulitoa: kwamba nafasi zipo ila wenye kuhitimu hawajitokezi. Jibu hilo lina chembe ya ukweli na chungu nzima ya visingizio. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 916,000 wenye ulemavu miongoni mwa Wakenya wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani asilimia 2.2. Wanaofika chuoni ni sehemu ndogo ya hao, na miongoni mwao wapo wasiojulikana kuwa wana ulemavu kwa sababu hawajasajiliwa popote. Mwajiri akitafuta majina yao hayaoni.

Hapo ndipo kadi ya Baraza inapoingia. Ili kuipata, mwanafunzi hukaguliwa kwanza na madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo. Wao hujaza ripoti inayoeleza aina ya ulemavu na kiwango chake, kisha usajili hukamilishwa kwa Baraza, siku hizi kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Kwenye karatasi, hatua hizo ni chache. Kwa mwanafunzi anayetoka Turkana au Mandera, zaweza kumaanisha safari mbili au tatu za hospitali na siku kadhaa za kusubiri kikao cha madaktari. Ndiyo maana likizo ndefu, akiwa nyumbani na mzazi wa kumsindikiza, ni wakati mwafaka kuliko wiki ile ambayo tangazo la kazi limetolewa na limebakisha siku 5 kufungwa.

Wapo pia wanafunzi ambao hawataki kadi hiyo hata wakiletewa. Si ulemavu wote unaoonekana kwa macho. Mwenye kifafa, mwenye kusikia kwa shida au mwenye macho hafifu anaweza kumaliza miaka minne chuoni bila wenzake kutambua, naye huona heri iwe hivyo kuliko kuitwa majina. Uamuzi huo ni wake, na hakuna sheria inayomlazimisha kujitangaza. Lakini mficha uchi hazai. Mhadhiri asiyejua kwamba mwanafunzi hasikii vyema ataendelea kufundisha akiwa ameuelekea ubao. Msimamizi wa mtihani naye hawezi kumwongezea muda mtu ambaye hakuomba.

Katika mitihani ya kitaifa, watahiniwa wenye ulemavu huongezewa dakika 30, na wasioona huandaliwa karatasi za maandishi ya nukta nundu. Wengi hudhani utaratibu huo huwafuata hadi chuo kikuu. La hasha. Kila chuo kina kanuni zake, na mwanafunzi ndiye anayepaswa kuandika barua mapema katika muhula, akiambatanisha ripoti ya daktari. Baadhi ya vyuo, mathalan Chuo Kikuu cha Kenyatta, vina idara maalumu ya kuwahudumia. Kwingine kazi hiyo huachiwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, ambaye ana mambo mengine mengi mezani. Huko, barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ina nguvu kuliko mazungumzo ya koridoni.

<b>Karo na vifaa</b>

Kuhusu karo, vyanzo ni kadhaa na havizuiani. Baraza husimamia Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo hutoa ufadhili wa masomo pamoja na vifaa kama viti vya magurudumu na visaidizi vya kusikia. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutoa mikopo, na mfumo wa ufadhili wa vyuo vikuu uliozinduliwa mwaka wa 2023 uliweka ulemavu miongoni mwa vigezo vya kupima uhitaji wa mwanafunzi. Basari za maeneobunge na za kaunti pia zipo, ijapokuwa hizi hutaka mtu aliye karibu na nyumbani wa kufuatilia fomu. Mkopo, bila shaka, ni deni lenye riba, na humsubiri mhitimu hata kama mwajiri amemfungia mlango. Kwa hivyo ni busara kuanza na fedha zisizorudishwa.

Wanaopendelea ufundi wana taasisi za umma zilizoanzishwa kwa ajili yao: ile ya viziwi iliyoko Karen, Nairobi, ile ya wasioona iliyoko Machakos, Sikri katika Kaunti ya Homa Bay, inayowapokea wote wawili, na Mtakatifu Yosefu huko Nyang'oma, Siaya, ya viziwi. Ubora wake ni kwamba walimu wanawaelewa. Kasoro ni kwamba kozi ni zile zile, na mhitimu hutoka akijua ushonaji au useremala pamoja na mamia ya wengine waliojifunza kazi hiyo hiyo. Vyuo vingine vyote vya kiufundi havina ruhusa ya kumkataa mwanafunzi kwa sababu ya ulemavu pekee. Anayetaka kusomea umeme au upimaji ardhi hapaswi kuelekezwa Karen kwa kuwa tu hasikii.

Mazoea ya kuwaelekeza vijana hawa kwenye kazi chache ni ya miaka mingi. Kijana asiyeona aliambiwa awe mwalimu au mpokeaji simu. Kazi ya kupokea simu katika afisi kubwa imekufa kwa sababu ya mitambo mipya, na mitambo hiyo hiyo ndiyo iliyofungua njia nyingine. Ipo programu ya NVDA, iliyoanza kuundwa mwaka wa 2006 na Michael Curran pamoja na James Teh, vijana wawili wa Australia wasioona, ambayo husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha tarakilishi. Haiuzwi, mtu huipakua bure mtandaoni. Hapa nchini, shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka wa 2009, lilianza kwa kuwafundisha tarakilishi watoto wa shule ya wasioona ya Thika. Mwanafunzi aliyeizoea programu kama hiyo anaweza kuandika ripoti, kujibu barua pepe na hata kuunda programu nyingine. Kinachohitajika ni kuizoea kabla ya kuingia afisini, kwa maana siku ya kwanza ya kazi si siku ya kujifunza vitufe.

<b>Miezi mitatu inayoamua mengi</b>

Pahali ambapo wengi huangukia ni kwenye mafunzo ya nyanjani, ile miezi mitatu hivi ambayo mwanafunzi hutumwa kwa kampuni au afisi ya serikali kujifunza kazi. Mara nyingi chuo humpa mwenye ulemavu barua ile ile wanayopewa wenzake na kumwachia atafute mwenyewe. Hufika kwenye lango na kuambiwa kwamba jengo halina lifti. Akipokewa, huenda akaketishwa pembeni akipanga mafaili hadi muda wake uishe, si kwa ubaya, bali kwa kuwa hakuna aliyejua ampe kazi gani. Kisha msimamizi humwandikia ripoti ya mistari miwili, na ripoti hiyo ndiyo tajriba pekee atakayokuwa nayo anapoomba kazi.

Yapo mambo yanayoweza kuzuia hilo, na yote hufanywa kabla. Mhadhiri anayesimamia mafunzo anaweza kuizuru afisi mwezi mmoja kabla na kuona kama kiti cha magurudumu kitapita mlangoni na msalani. Mwanafunzi mwenyewe anaweza kuandika, katika aya moja fupi ya barua yake, anachohitaji ili afanye kazi: meza iliyo karibu na dirisha kwa mwenye ualbino anayeona kwa shida, au stakabadhi za kielektroniki badala ya karatasi kwa asiyeona. Waajiri wengi huogopa gharama wasiyoijua. Kiziwi, kwa mfano, huhitaji mkalimani wa lugha ya ishara siku za kwanza za kuelekezwa na katika mikutano, lakini maagizo mengi ya kila siku huweza kuandikwa kwenye rununu. Katika fani za kiufundi kuna tatizo la ziada, kwani maneno mengi ya kitaaluma hayana ishara zinazojulikana na wote, hivyo mwanafunzi na mkalimani wake hubuni zao. Wanapaswa kukutana na kuelewana mapema.

Nauli nayo si jambo dogo. Mafunzo haya kwa kawaida hayana malipo, na mwenye kiti cha magurudumu anayekataliwa na makondakta wa matatu asubuhi baada ya asubuhi hulazimika kukodi gari. Ni afadhali afisi ya kaunti iliyo karibu na nyumbani kuliko kampuni yenye jina kubwa iliyo ng'ambo ya jiji.

Baada ya kuhitimu, Tume ya Utumishi wa Umma huwa na mpango wa uanagenzi wa miezi 12 wenye posho, ambao huwahimiza wenye ulemavu kutuma maombi. Katika kampuni za kibinafsi, mwombaji anaweza kutaja jambo ambalo mameneja wengi hawalijui: sheria inamruhusu mwajiri wa kibinafsi kuomba kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi sawa na asilimia 25 ya mshahara anaomlipa mfanyakazi mwenye ulemavu, na asilimia 50 ya gharama za kurekebisha jengo au vifaa kwa ajili yake.

Mfanyakazi mwenyewe pia ana msamaha. Mapato yake ya hadi Sh150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi, mradi awe amesajiliwa na Baraza na kupata cheti cha msamaha kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru. Wapo wanaouita upendeleo. Hao hawajamlipa msaidizi wa kuwasomea barua, wala hawajanunua mpira mpya wa gurudumu la kiti. Msamaha huo hauji wenyewe, na anayechelewa kuomba huendelea kukatwa kodi kama wengine.

Kwa wanaotaka kujiajiri, mpango wa AGPO ulioanza mwaka wa 2013 umetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni inayosajiliwa katika kundi la mwisho hudaiwa uthibitisho kwamba wamiliki wake wana ulemavu, na uthibitisho huo hutoka kwa Baraza. Wanafunzi watatu wa uhasibu au ujenzi wanaweza kuisajili kampuni yao wakiwa mwaka wa mwisho, ili barua ya kufuzu inapotoka, jina lao liwe tayari liko kwenye orodha ya wanaoweza kuomba zabuni.