Milton Keynes: mji mpya, mitaa ya zamani

Jamani, ukitaja Milton Keynes watu wanawaza vipilefti na wale ng'ombe wa zege wa mwaka 1978. Eti hauna historia! Mimi nabisha. Ulipotangazwa mwaka 1967 ulimeza miji iliyokuwepo: Bletchley, Stony Stratford na Wolverton, yenye karakana ya reli tangu 1838.

Bletchley Park, walikofumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, nusura ibomolewe zijengwe nyumba. Mwaka 1991 wenyeji wapenda historia waliwaita waliowahi kufanya kazi pale kwa sherehe ya kuagana. Badala ya kuagana wakaamua kupigania majengo! Leo ni makumbusho. Wenzangu mnaoishi kule, mtaani kwenu mnalinda nini?