Chunyu Katika Nyaya za Gari

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Mocímboa da Praia hata Palma na mlango wa Ruvuma, ambako kusi na kaskazi hupokezana kuleta manyunyu ya bahari, gari la fahari lililokwisha zeeka, tuseme Mercedes-Benz ya namna ya W124 iliyoanza kuundwa mwaka 1984, aghalabu huharibika umeme kabla injini haijachoka: taa hufifia, vioo vya milango hukataa kupanda, starta huguna tu, na mwenyewe, asiye na mali nyingi, huambiwa anunue kompyuta ya injini kwa bei inayoikaribia thamani ya gari zima.

Nasema kwa yakini kwamba hiyo siyo njia ya kuanzia. Umeme hutoka katika betri kwa nyaya, lakini hurejea kwa bodi yenyewe na nyaya chache nene zilizokazwa kwa boliti. Na hapo ndipo chunyu hupenya, maana shaba na chuma zikigusana penye maji ya chumvi hufanya betri ndogo, chuma kikaliwa, na kutu yake ikauzuia umeme. Kanuni aliyoitangaza Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 yadhihirisha ukubwa wa dhara: starta ikivuta ampea 150, na kizuizi cha boliti moja kikiwa omu 0.02 tu, volti 3 hupotea papo hapo, katika zile 12.6 za betri iliyojaa.

Basi fundi mwenye busara, na mita yake ya bei nafuu, huweka ncha moja penye kichwa hasi cha betri na ya pili penye injini, mwenziwe akapiga starta. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, maradhi yamekwisha julikana. Ndipo hufungua waya wa betri, akalegeza boliti, akasugua kwa msasa hata chuma king'are, akakaza, akapaka grisi juu.

Illa zipo W124 za mwanzo wa miaka ya 1990 ambazo ngozi ya nyaya za injini hukauka kwa joto ikamomonyoka, nyaya zikapiga shoti. Hizo msasa hauzifai. Hubadilishwa moja moja kwa waya wa unene ule ule, na fyuzi iliyokatika haiwekewi kubwa kuliko ya asili, kwa kuwa kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto.