Ukali wa Sikilidi katika Ufugaji Mchanganyiko: Mfano wa Perege wa Bonde la Ruvu, Dutumi

1.0 Utangulizi

Sikilidi ni familia kubwa ya samaki wa maji baridi. Ndani yake wamo perege na sato tunaowala, pamoja na samaki wa rangi wanaovuliwa katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa kwa ajili ya matangi ya vioo. Wafugaji huwajua kwa ukali wao. Makala hii inafafanua chanzo cha ukali huo na namna ya kuudhibiti pale spishi mbalimbali zinapofugwa pamoja. Hoja yake kuu ni kwamba kukoma kwa ugomvi si kipimo tosha cha mafanikio, kwani samaki wasiopigana huweza kuzaliana. Kwa eneo kama Dutumi, mkoani Pwani, lililomo katika bonde la Mto Ruvu, uzao wa namna hiyo una madhara ya kudumu kuliko mapezi yaliyochanika.

2.0 Chanzo cha ukali

Perege wa asili wa Ruvu ni Oreochromis urolepis. Msimu wa kuzaliana unapofika, dume hubadilika rangi kuwa jeusi, huchimba shimo chini ya maji na kulilinda dhidi ya madume wengine. Jike hutaga humo, kisha huondoka na mayai mdomoni na kuyaatamia huko. Kwa hiyo dume hupigania mahali. Mtoni, dume aliyeshindwa hukimbia, na akishavuka mpaka wa mshindi ugomvi huisha. Ndani ya tangi mpaka huo haupo: aliyeshindwa hugonga kioo na kurudi palepale alipofukuzwa, hivyo huendelea kushambuliwa hata kufa. Kinachoua, basi, ni kukosa pa kukimbilia.

3.0 Namna ya kudhibiti

Mbinu zinazofaa hutokana na chanzo hicho. Mawe na vyungu huwekwa ili kukata mwonekano kati ya samaki na kuwapatia maficho. Madume hupunguzwa na majike huongezwa. Samaki wenye ukubwa unaolingana hufugwa pamoja, na chakula hutawanywa sehemu kadhaa. Anapoingizwa samaki mgeni, mawe hupangwa upya ili wenyeji nao wapoteze mipaka waliyoizoea.

Mfano mzuri ni Tropheus, samaki wa miambani katika Ziwa Tanganyika ambaye hula mwani unaoota juu ya mawe. Dume na jike wote hulinda eneo la malisho. Wakifugwa wachache, mmoja huwatawala na kuwaua wenzake. Wakifugwa kundi kubwa, mashambulizi hugawanyika na hakuna anayeelemewa. Hata hivyo, mfugaji anayechanganya Tropheus wa rangi tofauti, waliotenganishwa ziwani na ghuba na fukwe za mchanga, hupata tangi tulivu lenye vifaranga wasio na asili moja.

4.0 Hatari isiyoonekana

Jambo hilo hutokea pia kwa perege. Mwaka 1960, mtafiti C. F. Hickling alieleza matokeo ya majaribio yaliyofanyika Malacca, ambako madume ya perege wa Wami waliotoka Zanzibar walikutanishwa na majike ya Oreochromis mossambicus. Vifaranga vyote vilikuwa madume. Kwa mfugaji, matokeo hayo yalikuwa faida, maana dume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga. Kwa mwanaikolojia yalikuwa onyo: spishi hizi huzaliana kwa urahisi zikiwekwa pamoja.

Sato, Oreochromis niloticus, si mwenyeji wa Ruvu, lakini amesambazwa katika mabonde mengi ya Tanzania kwa sababu ya ufugaji. Katika Ziwa Victoria aliingizwa miaka ya 1950, na ngege wa asili, Oreochromis esculentus, akakaribia kutoweka humo, ingawa uvuvi uliokithiri na sangara navyo vilichangia. Bwawa lililo jirani na mto hufurika wakati wa masika. Sato aliyeishi kwa amani na perege bwawani hutoka pamoja na chotara zake, na hakuna wavu utakaowarudisha.

5.0 Hitimisho na mapendekezo

Mfugaji wa Dutumi anayetaka kuchanganya samaki achague spishi moja tu ya Oreochromis, na aichanganye na samaki wa familia nyingine. Kambale anafaa, kwani hawezi kuzaliana na perege, na tena hula vifaranga vinavyozidi. Ila awe mdogo kuliko perege anapoingizwa. Mifereji ya kutolea maji iwekewe chujio, na samaki wa tangi wasitupwe mtoni. Kwa watafiti, inapendekezwa kwamba tathmini ya ufugaji mchanganyiko isiishie kwenye idadi ya samaki waliosalia, bali ichunguze pia nasaba ya vifaranga. Ugomvi humwonyesha mfugaji kosa lake siku ileile; uchotara hujulikana baada ya vizazi, wakati perege wa Ruvu hawezi tena kupatikana.